Kabla Hujabonyeza, Tazama Pembeni

Hotuba kwa mkusanyiko wa wapiga picha wa Afrika Mashariki waishio Washington, Maryland na Virginia

Shikamooni wazee wetu. Kaka zangu, dada zangu, habari za jioni. Mwenyekiti, ahsante kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa nizungumzie upigaji picha kwenye maeneo ya kihistoria, makumbusho na maajabu ya asili ya Marekani. Nikitaka kuyataja yote tutakesha hapa. Hifadhi za taifa peke yake ni 63, na ukiongeza viwanja vya vita, nyumba za watu mashuhuri, makambi na minara inayosimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa hiyohiyo, unavuka 400. Kwa hiyo nitachagua pachache, na hoja yangu itakuwa moja tu. Karibu kila mahali maarufu nchini humu, pale unaposimama na kamera yako palichaguliwa na mtu mwingine kabla hujazaliwa. Mtu huyo alikuonyesha kitu, na kuna kitu alikiacha nje ya fremu. Ukikijua alichokiacha, utarudi nyumbani na picha ambayo haiuzwi kwenye duka la zawadi getini.

Tuanze na Yosemite, California. Mwaka 1861 mpiga picha wa San Francisco aitwaye Carleton Watkins aliingia bonde lile na msafara wa nyumbu waliobeba kamera kubwa kama kabati na vioo vya kupigia picha, kila kioo kikiwa na upana wa sentimita 56 hivi na urefu wa 46. Enzi hizo kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha kabla dawa haijakauka, kikasafishwa hapohapo ndani ya hema lenye giza. Jiwe likikuteleza mguuni, kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Sisi tunaolalamika kwamba lenzi ya kilo moja na nusu inatuumiza bega, tuone haya kidogo.

Picha hizo zilionyeshwa New York mwaka 1862, watu wakashangaa. Tarehe 30 Juni 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vinaendelea, Rais Lincoln alitia sahihi sheria ya kulilinda bonde hilo, na hakuwa amewahi kulitia machoni. Miaka minane baadaye Yellowstone ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa, na huko nako picha za William Henry Jackson, aliyefuatana na msafara wa wapimaji wa 1871, zilipelekwa kwa wabunge mjini hapa ili waone kwa macho yao chemchemi za maji moto ambazo wengi walidhani ni hadithi za walevi. Kazi yetu, ndugu zangu, imewahi kutunga sheria. Hilo ni la kujivunia.

Lakini sasa zitazame picha za Watkins za Yosemite. Miamba, maporomoko, miti, maji matulivu. Karibu hakuna binadamu. Ukizitazama utadhani bonde lile lilikuwa likimsubiri mgeni tangu dunia iumbwe. Ukweli ni kwamba mwaka 1851, miaka kumi tu kabla ya Watkins, kikosi cha wanamgambo kiliingia bondeni kuwaondoa wenyeji, watu wa Ahwahneechee, chini ya mkuu wao Tenaya, na vijiji vikachomwa moto. Baadhi yao walirudi wakaendelea kuishi pale kwa vizazi, wakifanya kazi za hotelini na hifadhini, mpaka nyumba za mwisho za kijiji chao zilipoondolewa mwishoni mwa miaka ya 1960. Ule utulivu unaotupendeza kwenye picha ulitengenezwa. Wenzangu wa Mara na Arusha naona mnatazamana. Mwaka 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti, na leo tukiona nyanda zile tupu kwenye kalenda hatuulizi ng'ombe walikwenda wapi.

Je, tusipige Yosemite? Pigeni! Nendeni pale panapoitwa Tunnel View, mdomoni mwa handaki lililofunguliwa mwaka 1933, mtaona El Capitan kushoto, maporomoko ya Bridalveil kulia, Half Dome kwa mbali. Nendeni baada ya mvua, mawingu yanapoanza kuinuka. Piga picha yako, usione aibu kwamba wengine wamekwisha ipiga. Kisha geuka. Nyuma yako kuna maegesho, mabasi, watoto wanalia, wazee wamevaa kofia zinazofanana, watu wanagombea ukingo. Hiyo nayo ni Yosemite, na kusema kweli ndiyo Yosemite ya leo. Halafu shuka bondeni, nyuma ya makumbusho, utaona kijiji kilichojengwa upya kuonyesha maisha ya wenyeji. Wageni wengi huingia na kutoka wakakimbilia maporomoko. Wewe kaa.

Grand Canyon nitaipita haraka, kwa sababu mwanga wake una kanuni moja: fika kabla jua halijachomoza au usubiri jioni, maana saa sita mchana korongo lile lenye kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu huonekana bapa. Ila kuna kisa kimoja siwezi kukiacha. Ndugu wawili, Ellsworth na Emery Kolb, walifungua studio ukingoni mwa korongo miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Biashara yao ilikuwa kuwapiga picha watalii asubuhi wakiteremka na nyumbu, ili wakirudi wazikute picha zao tayari. Tatizo, pale juu hapakuwa na maji safi ya kusafishia picha. Basi Emery alikuwa akiteremka mbio na picha zake, kilomita saba hivi, karibu mita 900 kwenda chini, hadi kwenye chemchemi, anasafisha picha, kisha anapanda tena mbio awahi kabla wateja hawajafika juu. Nyumba yao ya mbao ingalipo ukingoni, unaweza kuipiga.

Na ile chemchemi? Ilikuwa makazi na mashamba ya Wahavasupai, wenyeji wa korongo lile, na mtu wao wa mwisho aliyekuwa akiishi pale alifukuzwa mwaka 1928. Kwa miaka mingi ramani ziliendelea kupaita Bustani ya Wahindi, maana ndivyo wageni walivyowaita wenyeji wa asili wa Marekani. Mwaka 2022 jina likabadilishwa rasmi kuwa Havasupai Gardens. Ukiteremka kupiga picha pale, andika jina hilo kwenye maelezo ya picha yako. Maelezo ya picha ni nusu ya picha, na wengi wetu tunayaandika kwa uvivu kabisa.

Tukiwa Arizona, nizungumzie ruhusa. Antelope Canyon, ile mianya ya mawe mekundu yaliyopinda kama kitambaa, mmeiona kwenye simu mara ngapi? Ipo kwenye ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili. Huingii bila mwongozaji wao. Tarehe 12 Agosti 1997 mvua ilinyesha mbali kabisa na mwanya ule, juu yao anga ilikuwa haina habari, maji yakaja ghafla na kuua watalii 11. Kwa hiyo mwongozaji akikuambia songa, songa. Akikuambia leo hatuingii, usimwonyeshe risiti. Ile miali ya jua inayoshuka kama nguzo huonekana karibu na saa sita mchana, kuanzia Machi hivi hadi mwanzo wa Oktoba, kwenye mwanya uitwao Upper Antelope Canyon. Ziara za wapiga picha waliokuwa wakiingia na stendi zilisitishwa, kwa hiyo utapiga kwa mkono, watu wakikupita mgongoni. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, egemea ukuta kwa bega, vuta pumzi, bonyeza. Droni sahau, huko na kwenye hifadhi zote za taifa pia, ambako zimepigwa marufuku tangu 2014, na adhabu yake inaweza kufika miezi sita jela na faini ya dola 5,000.

Kwenye vijiji vya kale vya New Mexico ni hivyohivyo. Taos Pueblo ni nyumba za udongo ambazo watu wameishi ndani yake kwa mamia ya miaka, na hadi leo wanaishi. Utapenda kila ukuta. Lakini hupigi picha ya mtu bila kumwomba, hupigi ndani ya kanisa lao, na siku za sherehe zao unaiacha kamera garini. Wahopi, kabila jingine la wenyeji, walianza kukataza kamera kwenye ngoma zao mwanzoni mwa karne iliyopita, baada ya wapiga picha kufika kwa wingi na kusukumana mbele ya wachezaji. Sioni ubaya wowote. Sisi wenyewe tumekulia mahali ambapo mgeni alikuwa akimpiga picha bibi yako shambani bila hata salamu, akaondoka nayo Ulaya.

Na hatari ya mpiga picha siyo kusukumana tu. Edward Curtis, aliyetumia miaka thelathini kuwapiga picha wenyeji wa asili wa bara hili, alipiga picha karibu na mwaka 1910 ya wanaume wawili wa kabila la Piegan ndani ya hema lao. Katikati yao palikuwa na saa ya mezani. Picha ilipochapishwa, saa imefutwa. Hakutaka wawe watu wa wakati wake. Leo tunafuta kwa kidole nguzo za umeme, magari, mtu aliyevaa fulana ya Lakers, timu ya kikapu, mbele ya nyumba ya udongo. Nawasihi, mwacheni huyo wa Lakers.

Sasa niwapeleke mahali ninapopapenda kuliko hapo pote, na panapokosa wageni wengi. Ukitoka Los Angeles kwenda kaskazini kwa barabara ya 395, safari ya saa nne hivi kwa gari, unafika bonde kavu lenye upepo chini ya milima ya Sierra Nevada. Hapo ni Manzanar. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, Rais Roosevelt alitia sahihi amri mwezi Februari 1942, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliondolewa majumbani kwao kwenye pwani ya magharibi na kupelekwa makambini. Wengi wao walikuwa raia, wamezaliwa hapahapa. Manzanar ilikuwa na watu zaidi ya 10,000.

Wapiga picha watatu waliifanya kambi ile ijulikane, na ukiziweka picha zao pamoja unapata somo zima la kazi yetu. Wa kwanza, Dorothea Lange, aliajiriwa na serikali yenyewe mwaka 1942. Alipiga vumbi, foleni, mabanda, mizigo ya watu yenye lebo. Jeshi lilipoziona likazizuia picha nyingi mpaka vita viishe. Wa pili ni Ansel Adams, bingwa wa milima, aliyealikwa na mkuu wa kambi mwaka 1943. Hakuruhusiwa kupiga minara ya walinzi wala seng'enge. Alipiga nyuso zinazotabasamu, mashamba, shule, gazeti la kambi, milima yenye theluji. Nia yake ilikuwa njema, alitaka Wamarekani waone kwamba hawa ni wenzao. Lakini kuna picha moja inayoonyesha kambi kutoka juu, mabanda yamepangwa mistari hadi miguuni mwa milima. Alipanda wapi kuipiga? Juu ya mnara wa walinzi. Mnara haumo kwenye picha kwa sababu yeye alikuwa amesimama juu yake.

Wa tatu alikuwa mfungwa. Toyo Miyatake alikuwa na studio yake Los Angeles. Kamera zilikatazwa kambini, yeye akaingiza lenzi na kishikilio cha filamu kwa siri, fundi seremala mwenzake akamtengenezea kisanduku cha mbao, na hiyo ndiyo ikawa kamera. Aligunduliwa. Baadaye uongozi ulimruhusu kupiga, kwa sharti ambalo hata ukiambiwa huamini: yeye apange picha, aweke mwanga, apime umbali, lakini kubonyeza abonyeze Mzungu. Sharti lile halikudumu, akaachiwa afanye kazi mwenyewe. Ni yeye aliyepiga wale wavulana watatu wamesimama nyuma ya seng'enge, mnara ukiwa nyuma yao. Bonde ni lilelile, milima ni ileile, na ni watu walewale aliowapiga Adams.

Picha za Adams za Manzanar ziko Maktaba ya Bunge, hapahapa Washington, na nyingi za Lange ziko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, na unaweza kuzipakua bure kwenye tovuti zao. Kabla hujafunga safari, zitazame. Ukifika pale nenda makaburini, upande wa magharibi wa kambi. Kuna mnara mweupe uliojengwa na wafungwa wenyewe mwaka 1943, umeandikwa kwa Kijapani herufi tatu nyeusi, na watu huacha pale sarafu, vijiwe na ndege wadogo wa karatasi. Milima iko magharibi, kwa hiyo ukitaka mlima na mnara vyote vipate jua la mbele, uende asubuhi. Alasiri jua huzama mapema nyuma ya milima na kila kitu kinakuwa kivuli. Inama ili mnara uvuke mstari wa theluji. Kisha tembea hadi mnara wa walinzi uliojengwa upya mwaka 2005, simama chini yake, piga ukiangalia juu. Hiyo ndiyo picha ambayo Adams hakuruhusiwa.

Turudi mjini kwetu. Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi yalifunguliwa Septemba 2016, na msanifu aliyeongoza ubunifu wake, David Adjaye, ni mtoto wa wazazi wa Ghana aliyezaliwa Dar es Salaam. (Makofi ya nini? Hamkumlea ninyi!) Jengo lile lina ngazi tatu zinazotanuka kwenda juu, mfano wa taji la mchongo wa Kiyoruba, na limevikwa mabamba 3,600 ya alumini yenye rangi ya shaba. Rangi hubadilika na jua, asubuhi dhahabu, mawingu yakitanda inakuwa kahawia iliyokolea. Mwinamo wa kuta zake umelinganishwa na mwinamo wa kilele cha Mnara wa Washington ulio jirani. Tafuta mahali ambapo vyote viwili vinakaa kwenye fremu moja, utaona mistari inaitikiana.

Ndani, kamera inaruhusiwa bila flashi, bila stendi, bila kijiti cha selfi. Flashi mnajua sababu yake, mwanga hula rangi ya kitambaa na wino. Kule Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, kwenye ukumbi wenye Azimio la Uhuru la 1776, walikataza picha kabisa kuanzia 2010, maana wino umekwisha pauka kiasi cha kusomeka kwa tabu. Kwenye vioo, gusisha kikinga-mwanga cha lenzi, ile ya mpira, taratibu kwenye kioo ili mng'ao upotee, na vaa nguo nyeusi. Shati jeupe utaliona kwenye kila picha. Zima mizani ya rangi ya kujiendesha, taa za kule zinachanganya.

Makumbusho yanaanzia chini ya ardhi. Lifti inakushusha hadi karne ya 15, mnapanda mkielekea leo. Huko chini, yalipofunguliwa, yaliwekwa mabaki ya jahazi la Kireno la São José, kwa mkopo kutoka Afrika Kusini. Lilitoka Kisiwa cha Msumbiji Desemba 1794 na zaidi ya watu 400 waliotekwa, likielekea Brazili. Lilipasuka kwenye mwamba karibu na Cape Town mwishoni mwa mwezi huohuo na zaidi ya 200 wakafa maji. Miongoni mwa vilivyopatikana baharini ni farumi, vipande vya chuma vya kulipa chombo uzito. Wapwani mnanielewa: shehena ya watu ni nyepesi, na chombo bila farumi hupinduka. Vya mkopo vina siku ya kurudi kwao, kwa hiyo siahidi mtavikuta. Mkivikuta, msiwe na haraka. Sogea mpaka kutu ijae fremu, kaza viwiko mbavuni. Tumezoea kuambiwa habari hizi zote ni za Afrika Magharibi. Chuma kile kilikuwa chini ya miguu ya watu wa pwani yetu.

Mahali pamoja mle ndani kamera inakwenda mfukoni. Ni chumba chenye jeneza la Emmett Till, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago aliyeuawa Mississippi Agosti 1955. Mama yake, Mamie Till, alikataa jeneza lifungwe. Alitaka dunia ione walichomfanyia mwanawe, na picha aliyoipiga David Jackson ikachapishwa na jarida la Jet, ikawaamsha watu nchi nzima. Sasa mtaniuliza, kama picha ile ndiyo iliyofanya kazi, mbona leo tunakatazwa? Nimelifikiria sana. Ninavyoona mimi, mama alikwisha amua ni picha ipi itoke. Wewe huna cha kuongeza. Ingia, simama, toka.

Kwa wale mnaoishi kwa harusi na sendofu, nina habari njema. Tangu Januari 2025 sheria ya hifadhi imebadilika: kikundi kisichozidi watu watano, na vifaa vya kubeba mkononi, stendi ikiwemo, hakihitaji kibali wala ada kwenye eneo lililo wazi kwa umma, hata kama unalipwa. Viwanja vya National Mall, ule uwanja mrefu wa minara katikati ya Washington, viko chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Lakini soma kibao cha kila mahali, kwenye minara kuna sehemu zenye masharti yake. Na maharusi hesabuni nao. Mkija na kamati nzima mmevuka watano.

Kesho tukutane kituo cha treni cha Smithsonian saa tatu na nusu asubuhi, makumbusho yanafunguliwa saa nne. Kuingia ni bure ila pasi zina saa maalumu, kwa hiyo ambaye hajajiandikisha amwone katibu usiku huu. Njooni na begi dogo, hapo mlangoni wanapekua. Kila mtu alete picha mbili tu, siyo mia: moja ile ambayo kila mtu anaipiga, na nyingine aliyoipiga palepale baada ya kugeuka. Tutazitazama pamoja jioni. Mzee pale nyuma ameinua mkono muda mrefu, tuanze na swali lake.